Chakula cha mtoto kilichogandishwa: Je, nacho ni kiporo?

Leo tunaingia jikoni. Mada yetu ni chakula cha mtoto aliyefikisha umri wa miezi 6: namna ya kukipika nyumbani, kukigandisha katika friza, kisha kumlisha mtoto siku nyingine bila ya kumdhuru.

Mada hii inatokana na ubishi ambao wengi wenu mnaoishi ughaibuni mmeusikia, na pengine mmeushiriki. Mama Mswahili aliyeko London, Muscat au Minneapolis amemaliza likizo ya uzazi. Anaingia kazini alfajiri, au usiku iwapo kazi yake ni kuhudumia wazee, na mtoto hubaki kwa mlezi. Siku yake ya mapumziko huchemsha boga, maharage na samaki, akaponda, akagandisha vipande vidogo vidogo vya kumtosha mtoto wiki nzima. Jioni simu inaingia kutoka Tanga au Lamu. Bibi yake mtoto anataka kujua mjukuu anakula nini. Anapoelezwa, sauti inabadilika: "Mwanangu, mtoto huyo unampa kiporo?"

Swali hilo halistahili kuchekwa. Kiporo, kama tujuavyo, ni chakula kilicholala: wali uliobaki usiku, ukafunikwa chunguni, ukaliwa asubuhi kwa chai. Mtu mzima hukila na kwenda zake kazini, na wako wanaoapa kwamba maharage ya kiporo ni matamu kuliko yalivyokuwa jana yake. Lakini mtoto mchanga hakupewa kiporo, na bibi zetu walikuwa na haki, ingawa hawakuwa na darubini ya kuwaonyesha kilichomo chunguni.

Bakteria wanaoharibu chakula hustawi katika joto lililo baina ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Humo ndimo limo joto la jikoni, la chumbani, na hata la kabati iliyo kando ya dirisha. Wapo wanaoweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Fanyeni hesabu: mmoja tu anayejigawa kwa kasi hiyo, katika saa 8 za usiku, angefikisha idadi inayozidi milioni 16. Na wali una adui wake maalumu, bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake ngumu hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole mbegu hizo huamka, na baadhi ya sumu zinazotolewa na bakteria huyo haziondoki hata chakula kikipashwa moto hadi kitoe mvuke. Ndiyo maana nchini Uingereza watu hushauriwa kuupoza wali ndani ya saa 1 na kutouweka katika jokofu zaidi ya siku 1.

Sasa, je, kilichogandishwa nacho kimelala? Katika friza inayofanya kazi barabara, yaani kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bakteria hawawezi kuzaana. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, baridi hiyo haiwaui. Inawasimamisha tu. Chakula kitatoka katika friza kikiwa na usafi uleule kilioingia nao. Kama kiliingia dakika 40 baada ya kuepuliwa, kitatoka kikiwa salama. Kama kilikaa mezani saa 4 mama akisubiri kipoe huku akifua nguo, basi kilichogandishwa ni kiporo, na kitatoka kiporo. Kwa hiyo jibu la swali la bibi halimo katika friza. Limo katika muda unaopita baina ya jiko na friza.

Kasi hiyo ina faida nyingine, ambayo iligunduliwa na Mmarekani Clarence Birdseye alipokuwa Labrador, Kanada, katika miaka ya 1910. Aliona kwamba samaki aliyeganda mara moja kwa upepo mkali wa kule alikuwa na ladha njema alipoyeyushwa, tofauti na samaki aliyegandishwa polepole. Barafu inayojijenga taratibu huwa na chembe kubwa zinazopasua nyama na kumwaga maji yake. Mwaka 1930 vyakula vilivyogandishwa kwa mbinu yake vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts. Mama anayegandisha vipande vidogo badala ya bakuli zima anafuata kanuni hiyohiyo.

Kabla hatujawasha jiko, wapo watakaouliza: kwa nini taabu yote hii, wakati maduka yamejaa vikopo? Vikopo navyo vina historia yake. Inasimuliwa kwamba Dorothy Gerber wa Fremont, Michigan, alichoka kuchuja njegere za mwanawe kwa mkono, akamshawishi mumewe, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha kusindika vyakula, kazi hiyo ifanywe kiwandani. Bidhaa zao ziliingia sokoni mwaka 1928. Mimi si mmoja wa wanaosema kikopo ni sumu. Mama aliye safarini au mgonjwa akifungua kikopo hajamkosea mtoto wake. Hata hivyo, ofisi ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya kanda ya Ulaya ilichunguza bidhaa karibu 8,000 za watoto katika miji ya Vienna, Sofia, Budapest na Haifa. Ripoti yake ya mwaka 2019 ilieleza kwamba katika miji 3 kati ya hiyo, nusu ya bidhaa au zaidi zilipata zaidi ya asilimia 30 ya nishati yake kutokana na sukari. Mtoto anayezoea kwamba hata mboga ina utamu wa tofaa atakuwa na kazi siku atakapokutana na mchicha.

Tugeukie sasa chungu chenyewe, kwani hapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

WHO inapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanze chakula cha kulikiza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kiasi cha kalori 200 kwa siku kutokana na chakula hicho. Si nyingi. Tatizo ni tumbo lake, ambalo kwa mlo mmoja haliwezi kuchukua zaidi ya kikombe kimoja. Hebu tuupime ule uji mwepesi tuliolelewa nao, unaotiririka kama maziwa. Gramu 5 za unga wa mahindi katika mililita 100 za maji hutoa takriban kalori 18. Ili mtoto apate kalori 200 kwa uji huo lazima anywe zaidi ya lita 1 kwa siku, na akifanya hivyo hatakuwa na nafasi ya maziwa wala kitu kingine. Tumbo linajaa, mtoto analala, mama anaridhika, na mtoto hakui.

Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kushika kwenye kijiko kinapoinamishwa. Ukiwa mzito mno hata hauwezi kumezwa, ipo mbinu ya kimea ambayo wataalamu wa lishe nchini Tanzania walijitahidi kuieneza tangu miaka ya 1980. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito ulioanza kupoa, uji hulainika baada ya dakika chache bila ya kuongezwa maji. Kisha urejeshwe motoni uchemke, kwa sababu nafaka iliyochipua kwenye unyevu huwa imebeba vijidudu. Bahati njema, ulezi unapatikana katika maduka ya Wahindi karibu kila mji mkubwa wa Uingereza na Ghuba.

La pili ni madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huja na akiba yake, na akiba hiyo huanza kwisha mnamo mwezi wa 6. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo sana. Nchini Marekani kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12 ni miligramu 11 kwa siku, ilhali mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 tu. Nawaomba mlitafakari hilo: kiumbe cha kilo 8 kinahitaji chuma kingi kuliko baba yake. Uji mtupu hauwezi kukifikisha huko, wala boga. Upungufu wa madini hayo humfanya mtoto apungukiwe damu, na unaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wake katika kipindi ambacho hakirudi.

Ndiyo maana ushauri wangu juu ya friza ni huu: msigandishe uji. Uji wa mahindi ukiyeyuka hutengana, maji upande mmoja na mabonge upande mwingine, na kuupika upya hauchukui zaidi ya robo saa. Gandisheni kile kinachochukua muda na chenye chuma, yaani maharage, dengu, kunde, nyama, ini na samaki. Mlezi atapika uji au ataponda viazi, atatia vipande viwili vya kitoweo hicho, na mtoto atakuwa amekula mlo kamili.

Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya hadi yavurugike kwa vidole, kisha yapitishwe kwenye chujio ili maganda yabaki. Nyama ipikwe hadi iive kabisa, isagwe pamoja na mchuzi wake, kwani maji yaliyopikia hubeba sehemu ya virutubisho. Ini linafaa mno, lakini mara 1 kwa wiki yatosha, kwa kuwa lina vitamini A nyingi kupita kiasi. Samaki kama nguru au changu apitishwe vidoleni mara mbili kuondoa miiba, si mara moja. Papa asipewe mtoto, maana hukusanya zebaki mwilini mwake. Dagaa wakavu wasio na chumvi wakisagwa huwa unga usiohitaji friza, bali chupa kavu tu.

Ili chuma cha nafaka na maharage kifyonzwe vyema, mlo uambatane na kitu chenye vitamini C: embe, papai, juisi kidogo ya chungwa, au nyanya iliyopikiwa humo humo. Na mtoto asipewe chai. Najua nagusa palipo na maumivu, kwani biskuti iliyochovywa katika chai ya maziwa ni sehemu ya utoto wa wengi wetu. Lakini majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa, na kwa mtoto asiye na akiba hiyo ni hasara tupu.

Chumvi isitiwe. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hapaswi kuzidisha gramu 1 kwa siku, na vile vidonge vya supu vya dukani ni chumvi kwa sehemu kubwa. Mchuzi wa familia unaweza kutumika iwapo sehemu ya mtoto itachotwa kabla ya chumvi na pilipili. Tui la nazi linaruhusiwa, tena humwongezea mafuta anayoyahitaji. Asali ni marufuku hadi atimize mwaka 1, hata iwe ya nyuki wa shamba la babu, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, ambao hulegeza misuli ya mtoto hadi ya kupumulia.

Kuhusu karanga mawazo yamebadilika. Zamani wazazi wa hapa walishauriwa kuzichelewesha. Utafiti ulioongozwa na Gideon Lack wa King's College London, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari ya mzio ambao walipewa karanga mapema walipata mzio huo kwa kiwango kilichopungua kwa zaidi ya asilimia 80. Zisagwe zilainike kabisa, kwani karanga nzima humkaba mtoto. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Hapa sina budi kuyataja masanduku yetu ya safari. Kila anayerudi kutoka nyumbani hubeba unga wa lishe, mahindi, karanga, soya na nafaka nyingine zimesagwa pamoja. Jina zuri, nia njema. Lakini nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walifariki. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha jikoni wala kwa kugandisha. Kama hamjui karanga zilikaushwa vipi na kuhifadhiwa wapi, nunueni nafaka nzima, zichagueni punje kwa punje, msage wenyewe.

Chakula kimeiva. Saa inaanza kuhesabu. Kimwagwe katika sinia pana, kitandazwe, na sinia iwekwe juu ya maji baridi yenye barafu. Ndani ya saa 1 kiwe kimepoa, na isipite saa 2 kwa hali yoyote. Kwa walioko Muscat au Dubai, ambako wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, na chakula kisipate kusafirishwa garini bila ya barafu. Msiingize sufuria la moto ndani ya friza, kwani litayeyusha vilivyomo jirani yake.

Trei ya kawaida ya barafu hutoshea vizuri. Kila tundu huchukua takriban mililita 30, yaani vijiko 2 vya mezani, na mtoto anayeanza hutosheka na kipande 1 au 2. Trei ifunikwe. Vikiganda, vipande vihamishiwe kwenye mfuko safi, uandikwe jina la chakula na tarehe. Mtasema mtakumbuka, hamtakumbuka. Baada ya wiki 2 ini na maharage hufanana mno. Tumieni ndani ya mwezi 1, na msipitishe miezi 2.

Boga, karoti na viazi vitamu hugandishwa bila ya lawama. Viazi mviringo hutoka vikiwa na chengachenga. Ndizi mbivu na parachichi hugeuka rangi, na kwa kuwa hupondwa kwa uma katika nusu dakika, sioni sababu ya kuvigandisha. Mchicha na spinachi vigandishwe siku ileile vilipopikwa, kwani mboga hizo zikikaa nje nitrati zilizomo hugeuka nitriti, ambazo si njema kwa damu ya mtoto mchanga.

Kuyeyusha kufanywe ndani ya jokofu usiku kucha, au kipande kitiwe moja kwa moja sufuriani. Kisiachwe dirishani wala juu ya chuma cha kupashia nyumba joto. Kipashwe hadi kitoe mvuke katikati, siyo pembeni tu, kisha kipozwe. Wanaotumia maikrowevu wakoroge vizuri, kwa sababu mashine hiyo huacha sehemu moja ya moto mkali karibu na sehemu ya baridi. Kilichoyeyuka kitumike ndani ya siku 1 na kisigandishwe tena. Na mabaki ya bakuli ambalo kijiko kimekwenda mdomoni na kurudi yatupwe. Hili linawauma wengi tuliofundishwa kwamba kutupa chakula ni dhambi. Dawa yake ni kupakua kidogo na kuongeza.

Mlezi naye aelezwe kwa maandishi. Kazi yangu ya utangazaji imenifundisha kwamba maneno "pasha kidogo" husikika kwa namna tofauti na kila msikilizaji. Andikeni: pasha hadi kitoe mvuke, mara 1 tu.

Kwa mliopo Afrika Mashariki, ambako umeme hukatika bila ya kuaga, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Gandisheni maji katika kikombe, wekeni sarafu juu ya barafu, kiacheni humo. Mkirejea safari mkaikuta sarafu imezama, chakula kiliyeyuka na kuganda tena mlipokuwa hampo, na kisipewe mtoto. Panapokatika umeme kila siku mimi singegandisha kabisa. Ningechota sehemu ya mtoto katika chungu cha familia mara mbili kwa siku, nikaiponda ikingali na moto.

Jambo moja zaidi, kwa wale wenye friza kubwa na bidii kubwa. Mtoto hakui kwa ratiba ya friza. Miezi 6 huhitaji chakula laini. Miezi 8 tayari aweza kushika kipande cha kiazi kilichoiva na kukitafuna kwa fizi. Akitimiza mwaka anakula pamoja na wenziwe mezani. Mama aliyesaga kwa blenda akiba ya miezi 2 atajikuta bado anamlisha rojorojo mtoto anayetaka kutafuna, na mtoto anayecheleweshwa kuzoea mabonge huweza kuwa msumbufu wa kula baadaye. Kwa hiyo pikeni ya wiki 1 au 2. Kila mkipika, sageni kidogo kuliko mara iliyopita, na ifikapo mwezi wa 8 irudisheni blenda kabatini mtumie uma.